Mwenyekiti Alipobeba Mpingo

Mama Stanley alimkuta Kasimiri uani, amekaa kwenye kigoda, anachonga mwiko. Akasalimia kwa Tumsifu Yesu Kristo, akaitikiwa milele amina na mtu ambaye hakuinua macho. Hakujali. Alikuwa katibu wa jumuiya mwaka wa tisa sasa, alishazoea kuongea na watu wanaoangalia pembeni.

"Baba, nimetumwa," alisema. "Na siondoki mpaka unikubalie, kwa hiyo nipe pa kukaa."

Kasimiri alimsogezea ndoo iliyopinduliwa.

"Oktoba hiyo inakuja. Mama Maria wetu si unajua alivyovunjika?"

Kasimiri alijua. Kila Oktoba, mwezi wa Rozari, sanamu ya Mama Maria ilikuwa inazunguka nyumba za jumuiya, siku moja kila nyumba. Watu wanakuja jioni, wanasali, wanasoma Neno, wanakunywa chai, na kesho yake inapelekwa nyumba inayofuata, mmoja kaibeba, wengine nyuma wanaimba. Jumuiya yao ilikuwa na sharti lake, lililoachwa na wazee walioianzisha: baba wa nyumba ilikolala sanamu ndiye anayeibeba, hampi mwingine, na haishushwi njiani. Sasa Oktoba iliyopita mzee mmoja alikuwa anavuka ubao wa mtaroni, ubao ukacheza, Mama Maria wa plasta akaenda chini, akawa vipande.

"Tukinunua ya dukani ni plasta ileile, itavunjika vilevile," alisema Mama Stanley. "Fundi tunaye hapa hapa. Tuchongee ya mti."

"Mie sisali na nyie siku hizi."

"Sijaja kukuita kusali. Nimekuletea kazi. Kusali ni shauri lako na Mungu, mkishamaliza kununiana."

Kasimiri alicheka kidogo bila kupenda. Kisha kisu kikasimama mkononi.

"Mwenyekiti bado yumo kwenye orodha yenu?"

"Baba Polikarpo? Yumo. Kwa nini asiwemo?"

"Nitachonga. Ila na mie niandike. Niweke siku ya mwisho kabisa, baada ya Mwenyekiti."

Mama Stanley alimtazama. Alikuwa mwanamke mwenye akili, akaelewa nusu, hiyo nusu nyingine akaiacha. "Utachonga kwa mti gani?"

"Mpingo."

"Mpingo mzito, baba."

"Ndiyo," alisema Kasimiri. "Mzito."

Nyumba ya Kasimiri iko Mtoni, upande wa nyuma, huko ambako majitaka yanapita kabla ya watu. Zamani kulikuwa na njia. Njia kweli, bajaji inaingia na kugeuza, kutoka mlangoni kwake mpaka Barabara ya Kilwa, na ilikuwepo kabla yeye hajafika mjini kutoka Newala. Akaja mtu na yadi ya makontena, akaitaka na ile njia. Kutaka si kosa, kila mtu anataka. Kosa ni la aliyempa, na aliyempa ni Polikarpo, Mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Aliandika barua na kuigonga muhuri kwamba hapo hapana njia, wananchi wanayo nyingine. Hiyo nyingine yenyewe ni kuzunguka nyuma ya yadi, upite kando ya mtaro, uvuke ubao, upande ngazi za matairi, ndipo uione lami. Nyumba kumi na moja zilikwenda kulalamika. Waliambiwa ofisi inalifanyia kazi. Ukuta ukapanda, ofisi ikilifanyia kazi.

Masika ya mwaka jana, asubuhi, mkewe Monica alibanwa na pumu. Bajaji ilikuja. Ilikuja vizuri tu, ikasimama upande wa pili wa ukuta, dereva akawa anapiga honi, na wao ndani wanaisikia kama iko chumbani. Kasimiri na jirani yake Ismail wakamlaza Monica kwenye godoro, wakazunguka. Ismail mbele, Kasimiri nyuma. Ubao ulikuwa umelowa. Walipofika katikati Monica alifumbua macho, akasema, "Kasi, nishushe nipumzike." Hakumshusha. Angemshusha wapi, chini ni maji. Walipofika kwenye lami Monica alikuwa ameshapumzika.

Ndiyo maana Kasimiri hasemi mke wake aliuawa na pumu. Ukimuuliza anakwambia, "Aliuawa na muhuri."

Hata msiba haukuwekwa nyumbani kwake. Gari la maiti lisingefika, wala maturubai. Uliwekwa kwa shemeji yake, upande wa lami, na huko Polikarpo alikuja, akapewa kiti cha mbele, akatoa pole, akawahi kikao. Kwa hiyo ule ubao Mwenyekiti hajawahi kuukanyaga hata siku moja. Hilo ndilo lililokuwa linamkaa Kasimiri kooni.

Gogo la mpingo alikuwa nalo uvunguni, zawadi ya ndugu yake kutoka kusini, limekauka miaka. Alilichonga Agosti yote na Septemba yote. Alianza na tezo, akaja na patasi, akamalizia na msasa. Kichwa kikatoka, mabega, mikono iliyokutanishwa. Lakini chini, pale ambapo fundi yeyote angepunguza mti ili mbebaji apate nafuu, Kasimiri hakupunguza.

Bi Zuena alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mzaramo wa hapo hapo, Mwislamu, mguu mmoja umevimba kwa sukari. Siku moja alijikongoja mpaka uani, akasimama akiegemea fimbo.

"Mmakonde, unachonga nini, kinu?"

"Mama Maria."

"Bibi Mariamu ndiyo kajaa hivi huku chini? Mlikuwa mnamlisha nini?"

"Kitako nimemwachia makusudi. Siku ya kuja kwangu atabebwa na Mwenyekiti. Na kupita kwenyewe atapita kule."

Bi Zuena alikaa kwenye ndoo, taratibu, akaunyoosha ule mguu. "Unataka aanguke."

"Nataka atoke jasho."

"Unataka aanguke, Kasimiri. Mie nakujua toka Monica anakuja kwangu kuazima chumvi, usinidanganye." Akapapasa kile kitako, kimelainika kama shavu. "Haya, ameanguka. Watu watacheka wiki moja. Halafu?"

Kasimiri alipuliza vumbi la mpingo kwenye patasi.

"Kliniki nimeshakosa mara mbili. Ule ubao mie siuwezi, na mtu wa kunibeba kwenye godoro simtaki, nimeshaona mwisho wake. Jasho lake nitalifanyia nini mie? Mie nataka njia."

"Njia watu kama yule hawaitoi kwa kuombwa."

"Basi usimwombe. Lakini usimwangushe, maana mtu akishachekwa hakupi kitu." Akainama kuangalia uso wa sanamu. "Umempa sura ya Monica?"

"Hapana. Monica alikuwa mzuri kuliko huyu."

"Hilo kweli," alisema Bi Zuena.

Kasimiri aliishia darasa la tatu. Maandiko aliyoyajua aliyajua kwa mdomo wa Monica, aliyekuwa anamsomea kibarazani baada ya chakula, na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Monica alipenda zaburi. Kasimiri alipenda wafalme, hasa pale wanapoambiwa ukweli. Alimpenda Eliya alivyomfuata Ahabu kwenye shamba la Nabothi, shamba la watu lililochukuliwa kwa barua na muhuri wa mfalme. "Huyo Ahabu kwao Mtoni," alisema, na Monica akacheka mpaka uzi wa miwani ukafunguka.

Lakini aliyempenda kuliko wote ni Nathani. Mfalme Daudi amechukua mke wa mtu tena akamuua mwenye mke. Nani atamwambia, mwenye jeshi ni yeye. Nathani akaenda na hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja, aliyekuwa analala kifuani pake kama mtoto, na tajiri aliyemchukua kondoo huyo akamchinjia mgeni. Daudi akawaka, akasema mtu huyo hafai kuishi. Nathani akamwambia ndiye wewe.

"Hapo," Kasimiri alikuwa anasema kila mara. "Rudia hapo."

Monica alirudia, mara ishirini alirudia. Halafu jioni moja, akiwa kwenye ile orodha ndefu ya majina ambayo kila mtu huiruka, alisimama ghafla. "Kasi, unajua Daudi baadaye alimpa mwanawe jina gani? Nathani."

"Labda Nathani mwingine."

"Ndivyo unavyosemaga ukishindwa." Alivua miwani. "Mtu aje kwako akuumbue, halafu mwanao umwite jina lake? Haiwezekani. Huyu hakwenda kumuumbua. Alikwenda kumtoa mahali alipokwama."

Kasimiri aliikumbuka jioni hiyo akiwa anapaka sanamu dawa ya viatu ing'ae. Aliikumbuka, akaiweka kando. Siku yake ilipopangwa, alimwambia Mama Stanley wasome habari ya Nathani, na baada ya kusoma, kwa kuwa tafakari hutolewa na mwenye nyumba, angesimama yeye. Maneno yake alikuwa nayo. Yalikuwa mawili tu. Ndiye wewe.

Siku ya mwisho ya Oktoba mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Saa kumi jioni Kasimiri hakungoja mlangoni kama wenye nyumba wengine. Alikwenda kusimama ubaoni, upande wa kwake, mikono nyuma.

Alisikia wimbo kwanza, unazunguka nyuma ya makontena. Halafu wakatokea. Polikarpo yuko mbele, shati jeupe limegandana na mgongo, Mama Maria kamkumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mkubwa aliyekataa kutembea. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, ana kitambi, na viatu vyake vilikuwa vya ofisini.

"Mwenyekiti, lete nikupokee," mtu mmoja alisema nyuma yake.

"Sharti ni sharti," Polikarpo alijibu akihema. "Wengine wote wamebeba."

Kasimiri hakulipenda jibu hilo. Alitamani angempa mtu, ili amchukie vizuri.

Polikarpo alifika mtaroni, akatazama ubao, akatazama maji, akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta ile njia nyingine ya wananchi. Hakuiona, kwa kuwa ndiyo hiyo. Akaweka mguu. Ubao ukalia. Akaweka wa pili. Wimbo nyuma ukapungua, watu wakawa wanaimba kwa midomo bila sauti. Katikati magoti yalianza kumcheza, akasimama.

"Mama Stanley," alisema bila kugeuka, "naweza kumshusha kidogo nipumzike?"

"Utamshusha wapi, baba?" Mama Stanley alijibu kwa upole. "Chini ni maji."

Kasimiri aliyasikia maneno hayo kama yametoka kinywani mwake mwenyewe. Hiki ndicho alichokichonga miezi miwili. Hapa ndipo alipopanga kusimama, mikono nyuma, aangalie. Mikono ikakataa kubaki nyuma. Alijikuta yuko juu ya ubao, ameinama, ameshika kitako cha sanamu kwa chini, na uzito wote aliouacha kwa makusudi ukamwingia mabegani.

"Mzee Kasimiri," Polikarpo alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Kanyaga katikati, pembeni pameoza."

Mama Stanley, mlinzi wa sharti, aligeuza uso akaangalia makontena, akapandisha wimbo. Wale wawili wakatembea, Kasimiri kinyumenyume, Polikarpo akimfuata, na Mama Maria amelala kati yao.

"Hapa," Kasimiri alisema taratibu, asisikike na wengine.

"Hapa nini, mzee?"

"Hapa ndipo Monica aliponiomba nimshushe apumzike. Kama ulivyoomba wewe sasa hivi."

Sanamu ilianza kutikisika. Kasimiri alifikiri ni uchovu, akaikaza, ndipo akamwona machozi usoni.

Nyumbani mikeka ilikuwa imetandikwa. Bi Zuena alikuwa ameshakaa mlangoni na kanga yake safi. Alisema amekuja kumwona mgeni, na mgeni ni wa wote. Walisali. Mama Stanley alisoma habari ya Nathani na kondoo wa maskini, polepole, mpaka pale Nathani anapomwambia mfalme ndiye wewe, na watu wote wakawa wanaangalia miguu yao. Kisha akafunga, akasema, "Baba mwenye nyumba."

Kasimiri alisimama. Polikarpo alikuwa amekaa chini kama wengine; kiti cha mbele alipewa, akakataa. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Yale maneno mawili yalikuwepo, mdomoni kabisa.

"Mie sijasoma," alianza. "Nilikuwa nasomewa. Aliyekuwa ananisomea aliniambia Daudi alimwita mwanawe Nathani. Nikamwambia labda ni Nathani mwingine. Leo naona ni yuleyule." Alimgeukia Mwenyekiti. "Nathani alikwenda na hadithi, akitaka mfalme atoke alikokuwa. Mie nilikwenda na mpingo. Kile kitako, Mwenyekiti, hakikutakiwa kuwa vile. Nilikiacha ili uanguke mtaroni mbele ya watu. Hilo ni langu, nimelisema. La kwako unalo mwenyewe."

Akakaa.

Polikarpo alisimama. "Ile barua niliiandikia mezani," alisema. "Niliwekewa ramani. Kwenye ramani huu mtaro ni mstari tu, mnaujua mstari, unapita. Mlipokuja kulalamika sikuja kuangalia. Mama Monica alipofariki nilitoa pole, sikuja kuangalia. Nimekuja leo, tena kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya kubeba." Akajifuta uso kwa mkono. "Nimekosa. Kwa Mungu na kwa mzee Kasimiri."

"Basi, Mwenyekiti," mzee mmoja alisema haraka, kwa sauti ya kufunika mambo. "Yamekwisha hayo, tunywe chai."

"Hayajaisha," alisema Kasimiri. Hakusema kwa ukali. Alimtazama Polikarpo kama unavyomtazama mtu mliyebeba naye mzigo. "Pole nimeipokea, tena nimeipokea kwa moyo. Lakini Mungu akimweka mtu kwenye kiti hatamuuliza alilia lini. Atamuuliza walioko chini yake wanapita wapi. Bi Zuena hapo ana kliniki Alhamisi."

Polikarpo alimgeukia Bi Zuena. "Alhamisi ipi, mama?"

"Hii hii, mwanangu. Nyingine siijui kama nitaiona."

Watu walicheka kidogo, na yeye akacheka nao, macho bado mekundu. "Sawa," alisema.

Kasimiri hakuamini. Sawa za viongozi alishazisikia nyingi. Lakini Jumatatu asubuhi Polikarpo alikuja peke yake, kwa miguu, kwa njia ya ubao, ana karatasi. Ilikuwa barua nyingine, kwamba ile ya kwanza ilikosewa, na njia ipo. Aliisoma kwa sauti mbele ya nyumba zote kumi na moja, na kila nyumba ikaweka mkono. Halafu akasema, "Twende yadi, mzee. Wewe simama tu, kusema nitasema mie."

Mwenye yadi alipandisha mori. Alisema alipewa karatasi halali, ina muhuri wa huyu huyu.

"Nilikupa kisichokuwa changu," Polikarpo alimwambia. "Nimekuja kukichukua."

Alipigiwa simu na wakubwa wake siku hiyo, na siku iliyofuata. Kasimiri alikuwa karibu wakati mmoja, akamsikia anajibu, "Ndiyo, mheshimiwa, naelewa naweza kutolewa kwenye kiti hiki. Lakini njooni muuone ubao." Hakuna aliyekuja. Jumatano mafundi wawili walianza kutoa matofali, moja moja, mwenye yadi kasimama pembeni amekunja mikono, na kufika jioni palikuwa na upenyo wa bajaji. Haukuwa mpana kama zamani. Wa bajaji tu.

Alhamisi honi ililia mlangoni kwa Bi Zuena, mlangoni kabisa. Alitoka na kanga ileile, akamtazama dereva juu mpaka chini.

"Umechelewa," alimwambia. "Nimekungoja tangu ukuta unajengwa."

Kasimiri alimsaidia kupandisha mguu. Bajaji ilipoondoka alibaki amesimama, halafu akaanza kutembea nyuma yake kwenye ile njia. Alitembea kwa mwendo wa watu wawili waliobeba godoro, si haraka, si polepole. Alipita kwenye upenyo, bega likagusa matofali yaliyokatwa. Alihesabu hatua. Zilikuwa mia moja na nne. Alipofika kwenye lami hata pumzi haikuwa imempanda.

Alisimama pale muda mrefu. Magari ya Mbagala yalikuwa yanapita.

Kisha akarudi kwa njia ileile. Mama Maria alikuwa bado mezani kwake. Mama Stanley alikuwa amesema akae kwa fundi mpaka mwakani. Kasimiri alimchukua, akampeleka uani, akamlaza kwenye mapaja juu ya kitambaa. Akatafuta tezo, akaanza kumpunguza kitako.